Dawa ya moshi haiingii chupani

Ukiingia duka la vipodozi Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, hukosi kuona chupa ndogo ya kahawia iliyoandikwa "tea tree". Mara nyingi pembeni pana maneno ya kuinadi: kwamba Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, wameyatumia mafuta haya kwa maelfu ya miaka. Maneno hayo yana kosa. Walichotumia ni majani. Mafuta hawakuyakeneka, yaani hawakuyatoa kwa mvuke unaopozwa ukawa maji tena, maana mtambo wa kukeneka kwa mvuke ulifika huko na walowezi wa Kizungu. Kati ya jani lililofikichwa mkononi na mafuta yaliyomo chupani kuna kazi nzima ya kemia ambayo wauzaji wengi wanairuka.

Tunachosema ni kwamba katika dawa za jadi za mimea kama hii, namna ya kutayarisha ni sehemu ya dawa kama ulivyo mmea wenyewe. Ukibadilisha namna, umebadilisha molekuli. Ukihamia kichaka kingine cha jina lilelile, huenda umezibadilisha tena. Hilo linapimika maabara, na linamhusu mnunuzi, mtafiti, na zaidi wale ambao elimu yao inauzwa wakiwa hawapo.

Melaleuca alternifolia, tuiite melaleuka, ndio mti unaotoa mafuta hayo ya "tea tree". Ni mti mdogo wa mabonde yenye majimaji kaskazini mwa New South Wales, katika nchi ya Wabundjalung, mojawapo ya jamii za Waaborijini. Majani yake ni membamba, na vifuko vya mafuta vimejificha ndani ya nyama ya jani, chini tu ya ngozi yake. Ukilishika bila kulivunja, halinuki sana. Ukilifikicha, harufu inaruka papo hapo. Wabundjalung waliyafikicha na kuvuta harufu kwa mafua na kikohozi, waliyaponda na kuyabandika kwenye vidonda, na waliyaloweka majini kwa ajili ya koo na ngozi.

Njia hizo tatu hazitoi kitu kimoja. Puani hutangulia vijenzi vinavyoruka upesi, kama alfa-pineni inayochemka kwenye nyuzi 156 hivi za Selsiasi, na sineoli inayochemka kwenye 176. Terpineni-4-oli, ambayo ndiyo hasa inayoua vijidudu, huchemka juu ya nyuzi 200, kwa hiyo kwa kunusa unaipata kwa uchache. Maji nayo huchagua. Molekuli zenye oksijeni, kama hiyo terpineni-4-oli, huyeyuka kiasi; hidrokaboni tupu, yaani molekuli za kaboni na hidrojeni peke yake, kama gama-terpineni, hukataa karibu kabisa. Jani lililopondwa na kubandikwa huacha kidondani kila kilichomo, pamoja na tanini, ambazo mvuke hauwezi kuzibeba. Na pale ambapo dawa ya majani ilichanganywa na shahamu ya emu au ya kenge, shahamu ile ilizishika hata hidrokaboni na kuzichelewesha zisiruke. Mgonjwa aliyenusa, aliyekunywa na aliyepakwa walipata dawa tatu kutoka mti mmoja.

Sasa jaza majani hayo kwenye pipa la mtambo. Kilo 100 za majani na vitawi vibichi hutoa kilo 1 hadi 2 za mafuta. Mvuke huingia chini, hupanda katikati ya majani, hubeba mafuta hadi kwenye bomba la kupoozea, na vyote viwili hudondoka kwenye chombo cha kutenganisha. Msomaji wa Pemba aliyezoea mafuta ya makonyo aangalie hapa: ya karafuu huzama kwa sababu ya uzito wa eujenoli, kijenzi chake kikuu, ilhali ya melaleuka huelea, kwani lita moja ina uzito wa gramu 885 hadi 906. Chombo kinachochotea chini kitakupa maji matupu.

Makosa yanayoharibu kazi yanajulikana. Majani yakishindiliwa, mvuke hutafuta upenyo mmoja na kupita hapo, mengine yabaki kama yalivyoingia. Yakiachwa kwenye lundo siku kadhaa, hupata joto na kuanza kuoza. Maji ya kupoozea yakiwa moto, sehemu ya mafuta hupotea hewani, na harufu nzuri inayojaa bandani ni hasara inayotembea. Ukizima moto mapema unapunguza mavuno. Ukichelewa kupita kiasi unavuta seskwiterpeni, molekuli nzito zinazokuja mwishoni, na asilimia ya terpineni-4-oli inashuka. Mitambo mingi ya biashara hufanya kazi saa 1 hadi 3 kwa pipa.

Halafu kuna jambo ambalo hata baadhi ya wakulima hawalifahamu. Kwenye majani machanga kabisa ya ncha, terpineni-4-oli ni chache. Kilichojaa humo ni sabineni na sabineni haidreti. Jani linapokomaa, na pia linapopata joto kwenye mazingira yenye asidi kidogo, sabineni haidreti hubadilika kuwa terpineni-4-oli, alfa-terpineni na gama-terpineni. Maana yake umri wa jani unaingia kwenye hesabu, na chungu cha mtambo chenyewe ni mpishi. Hakitoi tu kilichokuwa ndani. Anayesema mafuta haya ni "jani katika umbo safi" hajafuatilia safari hiyo.

Aliyeyaingiza mafuta haya kwenye sayansi ni Arthur Penfold, mkemia wa makumbusho ya teknolojia mjini Sydney. Katika miaka ya 1920 alipima nguvu yake na kuikuta kama mara 11 ya asidi ya kaboliki, dawa iliyokuwa kipimo cha kuua vijidudu zama hizo. Tangu hapo tumejua namna yanavyofanya kazi: terpineni-4-oli hujipenyeza kwenye utando wa seli ya bakteria, utando unalegea, potasiamu inavuja nje, na seli inashindwa kujiendesha. Kwa chunusi, jaribio lililochapishwa mwaka 1990 lenye wagonjwa 124 lililinganisha jeli ya asilimia 5 ya melaleuka na benzoili peroksaidi, dawa ya kawaida ya chunusi, ya asilimia 5. Zote zilisaidia. Melaleuka ilichelewa kuonyesha matokeo, lakini iliwasumbua ngozi wachache zaidi.

Hizo asilimia 5 ni mililita 5 za mafuta ndani ya mililita 100 za mchanganyiko. Pima kwa bomba la sindano, maana matone hayana ukubwa mmoja. Usiyatie kwenye maji ukadhani yamechanganyika. Yataelea, na tone zima litaigusa ngozi likiwa na nguvu zake zote. Mafuta ya nazi huyapokea vizuri, ila nayo huishikilia terpineni-4-oli isiwafikie bakteria upesi, kwa hiyo jeli ni bora kwa kazi ya kuua vijidudu. Na yasinywewe kabisa. Kiasi kisichofika mililita 10 kimewahi kumfanya mtoto mdogo achanganyikiwe na kushindwa kutembea. Paka na mbwa pia huumizwa nayo, hata kwa kupakwa.

Adui mkubwa wa chupa hii ni hewa. Alfa-terpineni, gama-terpineni na terpinoleni hushikwa na oksijeni, hugeuka peroksaidi, para-simeni na askaridoli, na peroksaidi na askaridoli ndizo zinazowasha ngozi za watu na kuwaachia mzio. Mtu aliyetumia chupa ileile miaka mitatu kisha akaanza kupata upele hakosei akiishuku chupa. Nunua ndogo. Iwe ya kioo cheusi au cha kahawia, ifungwe barabara, ikae mahali pa baridi. Ikipungua nusu, hamishia kwenye chupa ndogo zaidi ili hewa isipate nafasi. Usiifunge kwa kifuniko chenye mpira wa kudondoshea. Mafuta haya huuvimbisha mpira na kuulainisha. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu isiyofutika.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 4730, kilichorekebishwa mwaka 2017, kinataka terpineni-4-oli iwe asilimia 35 hadi 48 na sineoli isizidi 10. Safari hii kiliongeza kipimo kingine, cha kukamata wachakachuaji. Terpineni-4-oli ina sura mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Katika melaleuka halisi, sura moja, ile ya (+), huwa asilimia 67 hadi 71, na nyingine hujaza sehemu iliyobaki. Mtu akichukua terpineni-4-oli ya bei ndogo kutoka mabaki ya mafuta ya miti mingine na kuichanganya hadi asilimia zikae sawa, uwiano huo wa mikono humfichua. Siku hizi melaleuka inalimwa hata na wakulima wadogo wa Kenya, kandokando ya Mlima Kenya, na ni haki yao kujua kipimo hiki, kwa sababu ndicho kinachowakinga na bidhaa bandia zinazoshusha bei.

Yote hayo ni kuhusu mmea ambao angalau mafuta yake yana uhusiano wa karibu na jani lililotumiwa. Upo mwingine ambako chupa inakosa dawa yenyewe.

Eremophila longifolia ni kichaka cha bara kavu, kinachopatikana katika majimbo yote ya bara la Australia, chenye majani marefu yanayoinama. Kwa jamii nyingi za Waaborijini ni miongoni mwa mimea ya dawa inayoheshimiwa kuliko yote. Majani yake huoshea vidonda, lakini kazi yake kubwa ni kufukiza. Makaa huwekwa shimoni, majani mabichi hutandazwa juu, na moshi mzito wenye unyevu hupanda. Mama aliyetoka kujifungua na mtoto wake mchanga hufukizwa hapo. Msomaji wa Pwani anayejua chetezo, na anayejua mzazi anavyofukizwa siku za arobaini, hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu desturi. Anachohitaji kuelezwa ni kinachotokea ndani ya jani.

Wakemia wa mafuta walipolifikia jani hili walifanya walichozoea: walilikeneka, wakapata mafuta, wakayajaribu kwa bakteria. Vichaka vingi vilitoa mafuta kidogo mno, na matokeo hayakulingana na sifa ya mmea. Mtu wa haraka angeandika kwamba dawa haina nguvu. Nicholas Sadgrove na Graham Jones wa Chuo Kikuu cha New England, Armidale, waliuliza swali lililo bora: je, majani haya hutumiwaje? Waliiga ufukizaji badala ya kukeneka, na mwaka 2014 wakachapisha walichokipata kwenye moshi. Ni molekuli iitwayo jenifuranali, yenye nguvu dhidi ya vijidudu.

Jani bichi halina jenifuranali ya kutosha kufanya kazi hiyo. Lina asidi jeniposidiki, ambayo imefungwa na sukari. Kwa sababu ya ile sukari, asidi hiyo inapenda maji na hairuki hata kidogo, kwa hiyo mvuke wa mtambo unapita kando yake na kuiacha kwenye majani yanayotupwa. Joto la makaa ndilo linaloikata sukari na kuigeuza sehemu iliyobaki kuwa jenifuranali, ambayo inaruka na kupanda na moshi. Kama jani ni kavu, linashika moto na kila kitu kinaungua. Kama makaa ni hafifu, unapata mvuke tu. Kinachotakiwa ni jani bichi juu ya makaa makali yasiyo na ndimi za moto: unyevu unalizuia jani lisiwake mara moja, na joto linapata muda wa kufanya kazi. Kila kipengele cha mapokeo, ubichi wa jani, shimo, makaa badala ya moto wa kuni, kina sababu yake kikemia. Hapo ndipo unapoona kwamba wazee wa nchi ile hawakuwa na mmea wa dawa tu. Walikuwa na utaratibu wa kuitengeneza.

Kwa hiyo chupa ya mafuta ya Eremophila longifolia yenye lebo ya "dawa ya jadi ya moshi" haina kitu kilichokuwa kikitafutwa kwenye moshi. Inaweza kuwa na mambo mengine, na baadhi yake ni ya kuogopesha. Mmea huu una kemotaipu, yaani vichaka vya spishi moja, vinavyofanana kwa macho, ambavyo vinatengeneza mafuta tofauti kabisa. Upande wa kaskazini-magharibi mwa New South Wales kuna vichaka vyenye isomenthoni kwa wingi. Kwingine hutawala borneoli au limoneni. Na sehemu fulani za Australia Magharibi kuna vichaka vinavyotoa mafuta mengi ajabu, na mafuta hayo yamejaa safroli na methili-eujenoli. Zote mbili zimesababisha saratani ya ini kwa panya wa maabara, na safroli iliondolewa kwenye vyakula Marekani tangu mwaka 1960. Mfanyabiashara anayetafuta kichaka chenye mavuno makubwa atavutwa moja kwa moja na hicho hicho cha hatari, maana ndicho kinacholipa mtambo.

Suala la kemotaipu lina umri mkubwa. Huyohuyo Penfold, pamoja na Morrison, walieleza mwaka 1927 kwamba mikaratusi ya spishi Eucalyptus dives huonekana sawa msituni, lakini mmoja hutoa piperitoni na wa pili hutoa sineoli. Melaleuka yenyewe ina kemotaipu sita: moja ya terpineni-4-oli, moja ya terpinoleni, na nne ambazo sineoli ndiyo kubwa. Mbegu ikichukuliwa bila kupimwa mti mama, shamba linaweza kukua vizuri, majani yakapendeza, na mafuta yasifikie kiwango hata siku moja. Hasara hiyo huonekana baada ya mti kukatwa na kukenekwa, wakati fedha zimeshatumika.

Na hapa Afrika Mashariki linatugusa kila anapougua mtu mafua, kwa sababu mikaratusi yetu imetoka Australia. Tunapiga nyungu kwa majani ya mkaratusi wowote ulio karibu. Mafuta ya mkaratusi yanayokubaliwa kwa dawa hutakiwa kuwa na sineoli isiyopungua asilimia 70. Eucalyptus globulus huweza kufika huko. Lakini miti mingi iliyopandwa kwa nguzo na kuni ni Eucalyptus grandis na saligna, ambayo mara nyingi ina alfa-pineni zaidi na sineoli kidogo. Eucalyptus camaldulensis hutegemea mbegu ilikotoka. Ile ya Petford, Queensland, ina sineoli nyingi, za kusini hazina. Na ule unaonukia kama ndimu una sitronelali, ambayo hufukuza mbu vizuri zaidi kuliko inavyozibua pua. Fikicha jani kabla ya kulitia sufuriani: harufu kali ya baridi inayopanda hadi paji la uso ni sineoli; harufu ya tapentaini ni pineni. Zima jiko kwanza, weka sufuria chini mahali imara, na watoto wadogo wakae mbali kabisa na nyungu, kwani maji ya moto huunguza vibaya.

Tukirudi Australia, kuna jambo la haki. Elimu iliyowaongoza wanasayansi kwenye Eremophila ilikuwa ya watu wenye majina ya jamii zao, ardhi yao na kanuni zao za nani aambiwe nini. Sehemu ya elimu hiyo ni ya wanawake peke yao, sehemu haisemwi hadharani, na mtafiti hana ruhusa ya kuiandika eti kwa sababu ameisikia. Mwaka 2020 jimbo la Queensland lilirekebisha sheria yake ya utafutaji wa malighafi za viumbe asilia ya mwaka 2004, ili anayetumia elimu ya jadi ya wenyeji katika kazi hiyo achukue hatua za kukubaliana na walinzi wake. Ni hatua ya kweli. Kasoro tunayoiona katika mijadala ya namna hii ni kuhesabu mmea na kijenzi, kana kwamba elimu ni jina la majani. Jenifuranali imetuonyesha kwamba sehemu yenye thamani kubwa ilikuwa shimo, makaa na ubichi wa jani. Mkataba unaolipa kwa jina la mmea na kuisahau namna ya kuutumia unaacha nje mchango uliokuwa mgumu kuupata.

Lebo za chupa nazo zirekebishwe. Ya melaleuka iseme: Melaleuca alternifolia, kemotaipu ya terpineni-4-oli, imekenekwa kwa mvuke tarehe fulani, shamba fulani, terpineni-4-oli asilimia kadhaa, sineoli asilimia kadhaa, namba ya peroksaidi (kipimo cha mafuta yaliyoshikwa na hewa) kadhaa siku ya kufungashwa, isinywewe. Chini yake, kama muuzaji anataka kuwataja Wabundjalung, aandike kwamba wao walitumia majani, ataje walivyoyatumia, na aweke wazi kama kuna makubaliano yoyote nao. Kama hayapo, basi jina lao litolewe kwenye chupa yake.